Bibi Mwenye Uso wa Mdogo Wangu

Kitambaa kilipovutwa na sanamu ya bibi yangu ikaonekana pale njia panda, mjini Nachingwea, watu waliokaa mbele walipiga makofi, na waliosimama nyuma wakageuka kumtazama mdogo wangu. Alikuwa kando yangu, amevaa kanga mpya, mkono mmoja umeshika pochi. Akaitazama sanamu, akanitazama mimi, kisha akajishika shavu. Uso ule ulikuwa wake. Pua yake, paji lake pana, hata mwanya wa meno yake ya mbele, maana fundi aliifanya sanamu itabasamu kidogo. Chini, kwenye jiwe, palikuwa na jina la bibi na maneno kwamba alitetea ardhi ya wakulima.

Bibi yangu hakuwa na uso ule. Namkumbuka vizuri, nilikuwa mvulana mkubwa alipofariki. Alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye chale mashavuni na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu. Uzeeni ndonya yenyewe alikwisha kuiacha, likabaki tundu tupu, na akinywa chai huku anacheka ilikuwa inamvujia hapo. Enzi za ukoloni, Wazungu waliokuja kulima karanga walipotaka kusogeza matrekta hadi kwenye mihogo ya watu upande wa Chiola, aliwakusanya wanawake wenzake wakaenda kukaa chini mbele ya matrekta, watoto mgongoni, wakakataa kuondoka. Aliitwa akahojiwa, akaachiwa, akarudi kukaa pale pale. Mihogo ile haikung'olewa.

Kwa hiyo sikuwa na ugomvi na wazo la kumkumbuka. Mimi ni mwalimu wa historia. Miaka yote nimewafundisha watoto wa hapa habari za mashujaa wa mbali, wakati wa kwao wamelala vichakani bila hata kibao. Nilipopata habari kwamba imeundwa kamati ya sanamu nilifurahi, na mimi si mtu wa kufurahishwa ovyo na kamati. Kilichonikera ni uso, na ili mgeni aelewe kwa nini uso tu unaweza kuvuruga ukoo mzima, lazima kwanza nieleze habari ya jina.

Kwetu, mtu mzito akifa, jina lake haliachwi chini. Arobaini ikiisha, mjomba huchagua mtoto wa ukoo, wa upande wa mama, akampaka unga kwenye paji la uso mbele ya watu, na kuanzia saa hiyo mtoto yule ndiye marehemu. Sisemi anafanana naye au anamkumbusha. Ndiye. Bibi alipokufa alichaguliwa mdogo wangu, wakati huo yuko madarasa ya chini, hata kamba ya viatu hajui kufunga. Kesho yake asubuhi mama yetu, aliyemzaa yeye mwenyewe, alichuchumaa mlangoni akamwambia shikamoo mama, na mtoto akaitikia marahaba.

Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa hivyo. Mjomba naye alimwamkia, kwa kuwa bibi alikuwa mama yake pia. Mimi nilimwita bibi, yeye akaniita mjukuu, na alikuwa mjanja sana wa kuitumia nafasi ile: ukimwambia aoshe vyombo anasema bibi haoshi vyombo. Niliviosha mimi, na bado nina kinyongo kidogo. Lakini alipokua jina lilimkaa. Kwenye vikao vya ukoo aliketi kwenye mkeka wa wazee. Watu wakigombania mpaka wa mikorosho, waliletwa kwake, na alichosema kilikuwa kimesemwa. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa sababu nyumbani halitajwi tena.

Kamati ilikwenda kwa mama huko Nkowe wakati mimi niko mkoa mwingine nikisahihisha mitihani. Walikwenda na fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye kofia na simu kubwa. Waliomba picha ya marehemu, hakuna. Wakamwuliza mama alikuwa anafananaje. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na mengi anayasema kwa Kimwera, aliwaambia hakuna haja ya kueleza, kwani mwenyewe yupo. Akamtuma mtu wa bodaboda kwenda mjini Ruangwa kumfuata mdogo wangu, ambaye anauza dagaa na mchele pale sokoni. Alipofika mama akasema, "Huyu hapa."

Hakudanganya. Kwake yeye lile halikuwa swali la kufikiria. Fundi akampiga mdogo wangu picha mbele, nyuma na ubavuni, akampima kichwa kwa utepe. Mdogo wangu alidhani wanataka picha ya mrithi ili iwekwe pembeni siku ya sherehe. Fundi alidhani mjukuu kafanana na bibi yake mpaka basi. Kila mmoja aliondoka ameridhika.

Lakini kwenye ile kamati walikuwamo watu wazima wa hapa hapa, waliozaliwa na mama wenye ndonya, na wao walijua. Nilimfuata mwenyekiti nikamwuliza. Ni mstaafu mmoja mpole, tunaswali msikiti mmoja. Akaniambia bila kupepesa macho kwamba uso wa mwanamke mwenye tundu mdomoni ungewachekesha wanafunzi, na kwamba huyu waliyempata alikuwa mzuri kwa macho. Nilimwambia basi wangeweka sanamu ya mwigizaji, nikaondoka bila kuaga. Kwa mama sikusema kitu. Yeye alipoletwa kuiona aliridhika kabisa, akasema wamempatia, na mimi nani wa kumwambia mama yangu kwamba mama yake si yule?

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wiki haijaisha, habari zikawa zimeenea kwamba mwanamke wa kwenye sanamu yu hai, anauza dagaa Ruangwa. Picha yake akiwa ameshika mizani ikawekwa kando ya picha ya sanamu, zikazunguka kwenye simu za watu. Upande mmoja wa siasa ukasema wenzao wamemjengea mgombea wao bango la saruji kwa hela za wananchi. Upande wa pili ukamwendea kweli, ukamwomba akubali kugombea udiwani kwa vile uso wake tayari unajulikana. Mdogo wangu hakuwa na hili wala lile. Aliwakatalia wote, na wote wakadhani anapandisha bei.

Wakati huo huo wa Ruangwa waliamka. Bibi alizaliwa Nkowe, wakasema, kwa nini asimame Nachingwea? Wa Nachingwea wakajibu kwamba alipigania ardhi ya Chiola na kaburi lake liko Chiola, mtoto hadaiwi na mahali kondo lake la nyuma lilipozikwa. Hapo kale Ruangwa ilikuwa chini ya wilaya ya Nachingwea, na kumbe kuna watu bado walikuwa wanaugulia. Mabishano ya nani alinyimwa barabara na nani alinyimwa mnada wa korosho yote yalirudi, yakapandishwa mabegani mwa bibi yangu. Shehe wetu naye alisema Ijumaa kwamba kusimamisha sanamu ya binadamu si jambo la Waislamu, na kuna waliotoka msikitini wakinitazama mimi. Walimu wenzangu, wengi wao wa mikoa mingine, waliona ni kichekesho. Mmoja aliniuliza ofisini kama bibi yangu anauza dagaa kwa jumla pia. Kwa mwezi mzima sikumwachia gazeti.

Mimi nilikuwa na hasira tu. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaumia. Wachimbaji wa dhahabu wa Namungo, wateja wake wakubwa, walianza kumtania: sanamu leo umeshuka, sanamu punguza bei. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye wanawake wafanyabiashara wenzake wakaacha kukaa naye, kwa sababu kila aliyekaa naye alionekana anafanya kampeni. Siku ya mechi, alipokwenda kuuza vitafunwa nje ya uwanja, vijana walimwimbia wimbo wa matusi kuhusu mwanamke wa saruji. Alifunga vitu vyake akarudi nyumbani kabla mpira haujaanza.

Kisha asubuhi moja sanamu ikakutwa imemwagiwa oili chafu ya gari, usoni, mpaka kifuani. Siku ile ile mdogo wangu aliamka na shavu limevimba. Lilikuwa jino, hospitali waliling'oa na uvimbe ukaisha, na mimi nilimweleza mama hivyo kwa upole niliokuwa nao. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza shavu gani lilimwagiwa zaidi. Nilikuwa nimeipita sanamu njiani nikaliona, na lilikuwa hilo hilo.

Kamati ikatangaza kwamba ili kuleta amani uso utabanduliwa kwa patasi na kuwekwa mwingine, uso wa mwanamke wa kawaida asiyefanana na mtu. Watu wa mjini waliona ni busara. Kwa mama ilikuwa hukumu. Mjomba alikuja Nkowe kwa baiskeli, mzee yule na magoti yake, akaitisha kikao. Alizungumza kwa Kimwera muda mrefu, na maneno yake kwa ufupi yalikuwa haya: jina la bibi limeandikwa pale, uso wa bibi aliye hai uko pale, na watu wanakwenda kuupiga kwa nyundo. Nyundo ile itamkuta nani? Hakuna njia ila kulivua jina kwake kabla fundi hajafika.

Nilipinga. Nilisema saruji ni saruji, nikasema mengi, nikapandisha sauti mbele ya mjomba, jambo ambalo kwetu hufanyi. Hakunikemea. Alimgeukia mdogo wangu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wa wazee mahali pake pa siku zote, akamwuliza, "Mama, wewe unasemaje?"

Mdogo wangu hakumgeukia mjomba. Alikuwa anamtazama mama yetu, na mama alikuwa amekonda tangu siku ya oili, hali, halali, kila simu ikilia anadhani ni ya msiba. Ndipo akasema, "Kama ndiyo itakayomfanya alale, nivueni." Mimi nilitoka nje, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kulilia mbele ya mjomba niliyekwisha kumfokea.

Tulikwenda Chiola kwenye kaburi. Mjomba alitanguliza dua, tukaitikia. Kisha akampaka mdogo wangu unga pale pale alipopakwa utotoni, akauacha kidogo, akamwosha kwa maji yaliyochotwa kwa kata, na maji yale yakaachwa yaanguke ardhini. Akatuambia jina limerudi chini, litangoja mtoto wa kike wa ukoo, na tangu hapo lisitamkwe nyumbani. Tulijua sote hakuna mtoto wa kike. Mdogo wangu ana wavulana watupu, ambao watoto wao watakuwa wa ukoo wa mama zao, na umri wa kuzaa umempita, na mama hakuwa na dada. Mama aliuliza jina liko wapi kwa sasa. Mjomba akamwonyesha ardhi iliyolowa.

Kisha kikaja kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Mdogo wangu alijifuta uso kwa kanga, akamwendea mjomba, akapiga goti na kusema shikamoo mjomba. Mzee yule alifungua mdomo na jibu halikutoka mara moja. Miaka yote hiyo yule alikuwa mama yake. Mwishowe akasema marahaba, kwa sauti ya chini sana, akaenda kuitafuta baiskeli yake.

Nilimrudisha Ruangwa kwa pikipiki yangu. Katikati ya njia alinigusa bega.

"Kaka, simama kidogo."

Tangu utotoni sikuwa nimeitwa kaka na mdogo wangu. Nilisimama, akashuka, akaenda kukaa kwenye nyasi kando ya barabara, nami nikakaa naye. Magari ya korosho yalipita, yakatujaza vumbi jekundu. Aliniambia kwamba hajui kesho asubuhi atafanya nini. Akaeleza: mama alikuwa amepanga kulala kwake ili aende kliniki, na asubuhi mama akitoka chumbani, nani atamwamkia mwenzake? Nilimwambia ni yeye, mtoto ndiye humwamkia mama yake, ni jambo jepesi tu. Akasema, "Najua. Nawasikia watoto wa jirani wanavyosema." Alikuwa mwanamke anayekaribia kupata wajukuu, na alikuwa anajifunza upya kuwa mtoto wa mtu.

Tulingoja fundi aje na patasi. Hakuja. Uchaguzi ulipita, walioshinda walishinda, na zile kelele zikazimika kama redio iliyoishiwa betri. Kamati ikakaa na wakubwa wa pande zote mbili, wakaafikiana vizuri sana. Uso usibanduliwe, maana watu wamekwisha kuuzoea. Na kwa kuwa kalibu ya fundi ilikuwapo bado, Ruangwa nao wafyatuliwe sanamu yao, ile ile, ili pasiwe na mkubwa wala mdogo.

Nilimfuata tena mwenyekiti. Safari hii sikufoka, na nadhani ndiyo maana aliogopa. Nilimweleza kila kitu, Chiola, unga, maji, mjomba. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ni mtu wa hapa, alielewa kila neno bila tafsiri.

"Mwalimu, sisi tulikuwa tunatafuta amani," alisema.

Nikamwambia wameipata. Akaniuliza kama haiwezekani mjomba akamrudishia jina lake. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza mjomba swali hilo, nikijua jibu: lililooshwa kaburini halimrudii aliyeoshwa. Mwenyekiti akasema pole, na nilimwamini, lakini nilimwacha na pole yake mkononi. Tangu siku ile tunasalimiana msikitini kwa mkono tu.

Sanamu ya pili ilisimamishwa Ruangwa kando ya njia iendayo sokoni. Mdogo wangu hakwenda kwenye sherehe. Hivi sasa, akitaka kufika kwenye meza yake ya dagaa, huzunguka kwa nyuma, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, njia ndefu yenye matope masika. Utani umekwisha. Watu wamemzoea yule wa juu, na huyu wa chini wamemsahau. Kwenye vikao vya ukoo huketi nyuma na wake wa wajomba, karibu na vyombo, na watu wakigombania mpaka wa mikorosho siku hizi wanapelekana mahakamani. Nimemwona mara moja akitaka kusema neno, akajizuia.

Mwezi uliopita nilikwenda Ruangwa tumpeleke mama kliniki ya presha. Tuliporudi tulikuwa kwa miguu, mama katikati, mimi huku na mdogo wangu kule amemshika kiwiko, na kwa kuwa mama alikuwa amechoka hatukumzungusha, tukapita njia fupi. Mama alipofika mbele ya sanamu akasimama. Hakuwa ameiona hii ya Ruangwa. Aliinua kichwa, akautazama ule uso, kisha akasogeza macho chini hadi kwenye jiwe lenye jina. Mama hajui kusoma, lakini aliyaangalia yale maandishi kwa muda. Nikaona anachuchumaa, taratibu, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu wakimwamkia mkubwa.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba," mdogo wangu akaitikia. Lilimtoka lenyewe, kabla hajafikiri.

Mama aligeuka akamtazama. Hakuwa amekasirika.

"Sikukuamkia wewe," akamwambia.

Mdogo wangu alikiachia kile kiwiko. Akasema samahani mama, akarudi nyuma, akaja kusimama kando yangu, na wote wawili tukangoja mama amalize salamu zake.